Ng'ombe wa Barnaba

Jumapili, 8 Juni 2025
Padri amenipa kazi! Jumapili ijayo nisimulie maisha ya Mtakatifu Barnaba kanisani, hapa Buffalo. Bila karatasi, kama marehemu Baba kule kwetu Minembwe. Baba alikuwa katekista. Kila mwaka alisimama mbele na fimbo yake, akaanza. Akifika pale Barnaba anapouza ng'ombe wake ili akahubiri Injili — wazee wanafuta machozi! Ng'ombe mwenyewe aliitwa Gaju. Ee, nimesikia hadi harufu ya maziwa na moshi. Nimepakumbuka kwetu, sana.

Jumatano, 11 Juni
Leo ndiyo sikukuu yake hasa. Nimemsimulia Isimbi, binti yangu, kwa simu. Anasoma chuo Columbus. Kanijibu na Kiingereza chake: Biblia haisemi ng'ombe, Mama, Barnaba aliuza shamba. Nikamwambia aache ujuaji. Nikafungua Matendo ya Mitume. Shamba!

Jamani, Baba! Nimecheka mpaka machozi. Donc, kumbe miaka yote ile tulimlilia ng'ombe ambaye hakuwepo. Lakini kwetu wafugaji nani angelilia shamba?

Ijumaa, 13 Juni
Nimemweleza Padri, kasema nisimulie kama ilivyoandikwa. Bon. Sawa.

Kaka yangu Theogene kapiga simu kutoka Louisville. Kesho anamleta Mama, watampitia Isimbi njiani. Mama kichwa chake kinazidi kusahau. Theogene mwenyewe, Mama anamwita kwa jina la Baba. Nami, nilipomsalimia, kaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nimejikaza, lakini imeniuma. Namtaka anijue, hata mara moja tu.

Jumapili, 15 Juni
Naandika nikiwa kwenye benchi, Padri anasoma matangazo. Mama yuko kulia kwangu, Isimbi kushoto. Jana alikula ugali wangu, akanishukuru kama mgeni.

Nimeamua: shamba. Sitaki Isimbi aone haya kwa ajili yangu. Fimbo ya Baba ilibaki kule, nimeshika mwavuli.

Mama anautazama huu mwavuli. Ananitazama mimi. Kanishika mkono.

"Rakeli," kasema — jina langu! — "mwambie baba yako leo asimuuze Gaju."

Mungu wangu.

Isimbi kasikia. Biblia ilikuwa wazi kwenye simu yake, ameizima.

Padri ameniita. Ameniita tena. Watu wanageuka. Mama hajaniachia mkono.