Boga Mlangoni mwa Ghala

Majita,
9 Juni 1983

Kaka yangu mpendwa Rafaeli,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, wifi na watoto, na kile kikohozi cha vumbi la pamba kiwe kimekuachia. Sisi huku hatuumwi. Ningependa kuandika kwamba hatujambo, lakini neno hilo sasa ni zito kwangu, na wewe sijawahi kukudanganya.

Niseme moja kwa moja, maana nikizunguka nitashindwa. Mama anaitwa mchawi. Jumapili baada ya misa kuna mkutano wa kijiji wa kumjadili. Wapo wanaosema afukuzwe, na wapo walionyamaza, na hao walionyamaza ndio ninaowaogopa. Unamkumbuka yule bibi wa kijiji cha pili, nyumba yake ilivyochomwa naye akiwa ndani.

Mambo yalianza na mzigo wako. Ulipouacha ghalani chini ya mtama uliniambia ni wa siku chache tu. Sikukulaumu. Sabuni, betri na vitenge, nani siku hizi anaviona dukani? Lakini siku chache zikawa miezi, redio ikaanza kutangaza habari za wahujumu uchumi kila jioni, na watu waliokutwa na katoni moja ya sabuni wakachukuliwa. Wengine wakatupa mali zao ziwani. Mimi nilishindwa kutupa mali ya mtu. Kisha nikasikia mgambo wanaopekua nyumba wamemaliza kijiji cha jirani na sisi ndio tunaofuata. Baba watoto yuko visiwani kwenye kambi ya wavuvi, wa kumuuliza sina. Nikamwambia Benedikta.

Benedikta unamfahamu, rafiki yangu tangu kipaimara, yule aliyekuwa akifanya kazi za ndani kwa nesi wa Kizungu kule Musoma mjini. Alisema tusihamishe kitu, maana kuhamisha ndiko kunakokamatisha watu.

“Yule nesi alikuwaga anachonga maboga, mkesha wa Watakatifu Wote,” akaniambia. “Macho, meno, na taa ndani. Mimi mara ya kwanza niliacha sinia chini nikatoka mbio, na mimi nilikuwa nimeambiwa.”

Maboga mwaka huu yamejaa shambani, tukachagua moja kubwa la kuwatishia mgambo. Kumbe kuna ufundi wake. Kifuniko hukatwa kwa kulaza kisu, la sivyo kinatumbukia ndani. Tukakwangua nyama kwa kijiko mpaka ukuta ukawa mwembamba. Benedikta alichora macho kwa mkaa, mimi nikayakata. Meno yakatushinda, yakatoka mapana upande mmoja na upande mwingine pengo tupu, tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Mama alikuwa palepale jikoni anakausha samaki kwa moshi. Alichukua zile mbegu akazikaanga, akasema sura hiyo ni ya marehemu mjomba mtupu. Nilimwambia tunatengeneza mchezo wa watoto. Sijacheka tena tangu siku hiyo.

Mafuta ya taa hayapatikani, kwa hiyo tulitia ndani kopo la mafuta ya sangara na utambi wa kitambaa. Giza lilipoanza kuingia tukaliweka boga mlangoni mwa ghala. Mafuta yale yananuka na mwali wake hautulii, basi macho yakawa yanapepesa. Mimi niliyeyakata kwa mkono wangu niliyapa kisogo.

Mgambo walikuja wawili, Clementi na yule jirani yetu Keraryo. Wakati huohuo mama akatoka nje, nikadhani anafuata kuni, akaenda kusimama kando ya boga. Akawaambia karibuni wanangu. Clementi alitupa rungu lake akatimua mbio. Keraryo alikimbilia kwenye yale mawe ya huku chini, akaanguka, mguu ukavunjika. Ghala halikukaguliwa, wala halijakaguliwa mpaka leo. Kwa woga tukalivunjavunja boga na kuwapa ng'ombe, kwa hiyo hata cha kuwaonyesha watu sina.

Mguu wa Keraryo umevimba na homa haimtoki. Anasema aliona kichwa cha mtu kinawaka moto, na mwenye nacho ni bibi mwenye macho mekundu. Macho ya mama ni ya moshi wa samaki, kijiji kizima kinajua, lakini sasa hakuna anayekumbuka. Jumatatu nilipeleka dagaa sokoni Mwigobero, na wanawake wa kwetu walisogeza mabeseni yao mbali na langu. Juzi mawe yalirushwa juu ya bati wakati tunakula. Watoto hawajaomba kutoka nje tangu hapo, na watoto wasioomba kutoka unajua wana hofu kiasi gani.

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Nikisema lilikuwa boga tu, wataniuliza kwa nini niliwatisha mgambo, na ghala litafunguliwa. Nikinyamaza, watamuua mama.

Sasa nifike kwenye jambo usilolijua. Jana nilimwambia mama kwamba naenda kwa katibu wa tawi la chama kueleza yote. Nilidhani nitaanza kumsimulia habari za mzigo, lakini hakuniacha nimalize. Alikuwa anajua. Alijua tangu Kwaresima, siku alipoingia ghalani kuchota mtama. Alijua na boga lile ni la nini. Siku ile hakufuata kuni, kaka. Alitoka makusudi akasimama pale ili waogope zaidi.

Akanishika mkono, akasema, “Waache waniite mchawi. Mimi nimekula chumvi nyingi. Rafaeli akifungwa, nani atanizika?”

Nililia tu.

Maisha yangu yote nimemtii mama, lakini hili sitamtii. Jumapili nitasimama niseme habari za boga, na ghala lifunguliwe. Nitajaribu kusema mzigo ni wangu. Lakini nina watoto wadogo, na ninajijua nilivyo mwoga. Wakinikemea mara ya pili nitalitaja jina lako. Ndiyo maana nimekuandikia, ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa polisi.

Barua hii anakuletea Benedikta mwenyewe. Amekimbilia kwa shangazi yake huko Manyamanyama, karibu na kwako, lakini anasema ukija atarudi nawe, asimame aeleze jinsi tulivyochonga. Njoo kaka. Njoo useme kwa kinywa chako kwamba mzigo ni wako, mbele ya watu na mbele ya mama. Sikudanganyi kwamba hawatakufunga. Nakuomba tu, kwa sababu gerezani mtu hutoka.

Msalimie sana wifi, mwambie namkumbuka. Watoto wanakuamkia, shikamoo mjomba. Mama hajui kama ninaandika, kwa hiyo salamu zake sina.

Na ukiona huwezi kuja, basi ondoka Bunda kabla ya Jumapili. Ila usiniandikie ulikokwenda. Wataniuliza, na nataka nisijue.

Ni mimi mdogo wako,
Dorotea