Meno Yako Nimepewa Mimi

Athmani, sahibu yangu,

Natangaza rasmi, mbele ya mafundi taa wote: meno yako ya mnyonya damu nimekabidhiwa mimi. Yananibana. Yalipimwa kinywani mwako, nami nikitamka "damu" mate yanaruka hadi kwenye kamera.

Ndiyo, mimi yuleyule. Siku ya usaili wa tamthilia hii pale Kilifi ulikuja kunisindikiza tu, ukatoka na nafasi ya mhusika mkuu. Mimi nikapewa maiti. "Hata maiti huiwezi, Kassim," ukanicheka, "tumbo linakupanda na kushuka." Sasa umekufa wewe, kweli, na maiti ndiye kafufuliwa ashike nafasi yako. Haya.

Mengi yamebadilika. Joho lako limefumuliwa kiunoni, usiulize kwa nini. Damu bado ni sharubati ya rosela, na sisimizi wananifuata hadi nyumbani. Yote nimeyakubali. Ila mwongozaji aliposema msimu huu mnyonya damu atavunja mlango badala ya kupiga hodi, niliyavua meno nikamwekea mezani. Hodi ile uliibuni wewe. "Hata shetani," ulimwambia, "akizaliwa Mambrui haingii nyumba ya watu bila kukaribishwa." Nikasema: bila hodi, tafuta mwingine. Akanipa nafasi moja nijaribu, tena kwa kununa.

Tulirekodi kwa mamako. Katika hadithi nyumba ni tupu: nipige hodi tatu, kimya, niondoke. Mama aliombwa anyamaze jikoni. Akaahidi.

Sasa huko Bofa, kwenye hoteli tuliyofikia, wananisifu eti nililia kwa ufundi. Wewe nakwambia kweli. Hodi ya tatu niliipiga kwa sauti yako, nikiivuta mwishoni kama ulivyoivuta wewe. Kutoka jikoni mama akaitika, "Karibu, mwanangu."

Sikuigiza lolote, Athmani. Nilisahau kamera. Nilivua meno, nikavua viatu, nikaingia. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Akalishika joho lako begani mwangu, akalinyoosha. "Mnisamehe," akasema, "hodi haiachwi bila jibu." Mwongozaji hakukata. Alikuwa anapenga kamasi.

Hodi imebaki. Nitaipiga kila tutakaporekodi, meno yanibane yasinibane. Na Ijumaa, kamera zikishafungwa, nitaipiga tena pale kwa mama, bila meno.

Mola akulaze pema, sahibu. Mlango ule hautakosa mtu.

Kassim