Kigoda Kando ya Mafiga

Kasulu,
4 Februari 1973

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mguu umepoa. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inanitafuna.

Shuleni wamenipokea vizuri. Jumamosi nimeanzisha kundi la watoto wa kuandika hadithi, kama lile nililoliacha huko. Wako tisa. Karatasi zetu ni mifuko ya saruji, tunaikata na kuishona madaftari. Barua zako ataziandika Immakulata, binti wa jirani, kalamu yangu bora katika kundi la huko. Wewe sema, yeye ataandika. Kwake ni mazoezi, kwangu ni sauti yako. Sheria yangu anaijua: usiniambie moyo una nini, nionyeshe kitu nikione kwa macho.

Nimekukumbuka mpaka natia aibu. Jana nilimwita mwalimu mkuu "mama", naye ana masharubu.

Mwanao,
Kezia

Kibondo,
20 Machi 1973

Mwanangu Kezia,

Marahaba. Mimi mzima, mguu unatembea, wasiwasi ni juu yako uliye mbali.

Kigoda chako kipo pale pale kando ya mafiga. Kuku alikikalia, nikamfukuza. Asubuhi nafagia kaburi la baba yako, nikimaliza upande wangu nafagia na upande wako. Wamepita watu na kamba wakipima, wakafunga kitambaa chekundu kwenye mlango wetu. Mahindi yanabeba vizuri. Sijui atayala nani.

Mama yako
(kwa mkono wa Immakulata)

Kasulu,
15 Aprili 1973

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mguu je? Mimi nimenenepa, maharage ya huku Heru Juu hayana mchezo.

Barua yako nimewasomea watoto mara tatu. Kile kigoda! Tamimu, ambaye hata akila anaongea, alinyamaza kimya. Mwambie Immakulata nampa tisa kwa kumi. Ile moja nabaki nayo asije akavimba kichwa.

Habari za kuhamia vijiji vipya tunazisikia, ila huku wanasema zamu yenu ni mwakani. Likizo ya Juni sitakuja. Watoto wanaandaa gazeti la ukutani, litabandikwa sokoni, na nikiwaacha litakufa. Nitakuja Desemba, Mungu akipenda. Kigoda kisikaliwe na kuku.

Mwanao,
Kezia

Kibondo,
2 Juni 1973

Mwanangu Kezia,

Marahaba. Mimi sijambo, sijui wewe.

Nimefunga mkeka na vyungu viwili. Kigoda nilikiweka juu ya mzigo, nikakishusha, nikakiweka tena. Basi likipiga honi barabarani natoka mbio na mikono ina unga.

Mama yako
(kwa mkono wa Immakulata)

Kasulu,
24 Juni 1973

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mikono yenye unga! Nimelia mbele ya watoto, wakacheka.

Gazeti limebandikwa na barua yako ipo katikati. Mzee Athuman alifunga duka akaja kuisoma, akauliza huyu mama ni nani. Nikasema ni wangu. Desemba si mbali.

Mwanao,
Kezia

Kasulu,
9 Septemba 1973

Mama,

Shikamoo. U mzima kweli? Mbona kimya? Hii ni barua ya pili bila jibu. Kundi limefikia watoto ishirini, lakini Jumamosi wananiuliza, "Mama wa kigoda ameandika?" Andika hata mstari mmoja. Naumia, Mama.

Mwanao,
Kezia

Kibondo, kijiji kipya,
11 Novemba 1973

Mwalimu,

Shikamoo. Pole na kazi. Sisi hatujambo, na mama yako hajambo, usishtuke.

Tulihamishwa mwezi wa saba. Nyumba za zamani zimebomolewa, yenu pia. Mwalimu, mama hakusema habari za kuku wala unga. Mambo hayo ni kweli, niliyaona mwenyewe, lakini yeye alisema hivi: "Mwambie aje kabla hatujahama, tumuage baba yake pamoja." Alisema hivyo mwanzo, akarudia mwisho, barua zote mbili. Niliona ni kuusema moyo waziwazi, na ulitukataza. Akiniambia nimsomee, nilimsomea maneno yake, siyo niliyoandika. Barua zako nazo nilimsomea nikiruka habari za kuku na unga. Ulipojibu kwamba utakuja Desemba, alisema, "Basi, amekataa." Alikwenda kaburini peke yake. Nami nilikuwa nimefurahia ile tisa.

Mwishowe nilimwambia ukweli. Hakunipiga. Alikwenda kujiandikisha kisomo cha watu wazima, anasoma jioni na akina mama wenzake. Karatasi hii ya pili ameiandika kwa siku nne. Hakuniruhusu kuigusa, aliikunja mwenyewe.

Nisamehe.

Mwanafunzi wako,
Immakulata

KEZIA MWANANGU

HUJAMBO. MIMI SIJAMBO. NAANDIKA MWENYEWE.

NYUMBA HAIPO. KIGODA NINACHO.

NAKUTAKA. NJOO.

MAMA