Viti Vyote Nimevikalia, Mama Hadija

Shikamoo, Mama Hadija.

Marahaba yako sitaisikia, najua, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe kwa neno jingine na sitaanza leo. Ni mchana, nimekaa kwenye kiti cha kwanza kushoto, na harufu ya rangi bado haijatoka ukutani. Kesho asubuhi nafungua mgahawa, Mama. Mimi Zuhura, niliyekuja kwenye kibanda chako karibu na stesheni ya zamani nikiwa nimeachika, nina begi moja na macho yamevimba. Nafungua mgahawa wenye kaunta, feni na choo cha wageni, na juu ya mlango mchoraji ameandika "Kwa Mama Hadija". Aliniuliza kama hilo ndilo jina langu. Nikamwambia ni la mwalimu wangu, aandike kwa herufi kubwa.

Mji huu ungekushangaza. Tangu treni ya umeme ianze, watu wa Dar wanakuja Morogoro kama wanakwenda sokoni. Wanashuka Ijumaa, Jumamosi wanapanda mlima, Jumapili wanarudi kwao na ndizi na picha. Basi kila mwenye nyumba ya barabarani anataka kuwa na mgahawa. Kwenye mtaa wetu peke yake tulikuwa watatu tunaojiandaa kufungua kwa wakati mmoja. Jirani wa kulia anaweka baa ya nyama choma. Wa ng'ambo anauza kahawa, na ukuta wake mzima ameufunika kwa maua ya plastiki ili watu wapigie picha. Nilipouona nilikusikia kabisa ukiuliza, "Na hayo maua yanaliwa?"

Nami sikutaka kuachwa nyuma. Hapo ndipo nilipokosea, na nataka nikwambie kosa lenyewe kabla sijakushukuru.

Nyumba niliyopanga imeegemea mteremko. Ng'ambo, kando ya yule wa kahawa, kuna duka la vifaa vya ujenzi, na paa lake lilikuwa linaziba milima. Nikamwambia fundi Kibwana ainue sakafu, ili mtu akikaa tu aione Uluguru yote, mashamba mpaka ukungu. Akainua. Mbele zikatoka ngazi sita. Nikazipaka rangi nyekundu, nikawa nazipanda na kuzishuka kwa maringo kama bibi harusi.

Wiki mbili zilizopita akaja Mzee Maganga.

Huyo huwezi kumsahau hata huko uliko. Mtani wako Mnyamwezi, mstaafu wa reli, aliyekula kwako kila mchana na kila mchana akalalamika kwamba Waluguru hawajui kupika. Siku ya msiba wako alivaa aproni yako juu ya koti, akachukua upawa wako wa mpini mrefu, akaubeba begani kama bunduki, akajilaza mlangoni pa jiko. Akatangaza kwamba hakuna anayekula mpaka marehemu atoke aje amuage mwenyewe. "Mluguru gani huyu, anaondoka na mimi mchuzi wangu sijamaliza!" Hadija wako, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu afike kutoka Turiani, alicheka, na kicheko kikamfungulia kilio. Nilimshukuru sana yule mzee siku ile. Pale msibani kulikuwa na watu wengi wa kutufariji, lakini mtani peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kutuchekesha.

Halafu akaondoka na upawa. Mtani akiteka kitu msibani lazima kikombolewe, nami nikamuuliza anataka nini. Akasema hela hataki. "Siku utakayonilisha kwako mwenyewe, nimekaa kwenye kiti chako, ndiyo siku utauona."

Mwaka wa pili huu. Kibanda nilikiendesha mpaka kikavunjwa barabara ilipopanuliwa, na muda wote huo nilikuwa nachota mchuzi kwa upawa wa kununua. Kila tukikutana sokoni ananiuliza, "Mluguru, siku hizi unakoroga kwa nini, kwa kidole?"

Basi siku hiyo alikuja na fimbo mkono mmoja na kikapu mkono mwingine. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Akaweka kwenye ya pili. Goti likakataa. Nilikimbia kumshika, akautoa mkono wangu taratibu, akarudi chini, akatazama juu.

"Waluguru bwana! Mlimani mmeshuka, lakini mlima mmeubeba!"

Mafundi waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Kisha nikauona mgongo wake ukienda zake, na mpini wa upawa ukichungulia kwenye kikapu. Alikuwa amekuja nao, Mama. Alikuwa amekuja kuurudisha, nami nimejenga mahali asipoweza kuingia.

Niliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, kwa aibu tu. Na nilipokaa nikashtuka. Nilikuwa nimenunua viti ishirini na vinne na sikuwa nimekalia hata kimoja.

Unaikumbuka siku yangu ya kwanza kwako? Nilikuja kuomba kazi, ukanionyesha benchi, ukasema, "Kaa hapo, ule." Nilikula nikilia, nikidhani unanihurumia. Kesho yake nikaja nimejifunga kanga nifanye kazi, ukanionyesha stuli ya pembeni: "Leo kaa pale." Siku ya tatu, nyingine. Ilipita wiki nzima, nakula tu, mpaka nikaanza kuogopa kwamba una wazimu. Kisha ukaniuliza swali moja: nimeona nini kwenye kila kiti? Nikasema benchi la mlangoni linapigwa na jua saa saba. Stuli ya pembeni inakula moshi. Anayekaa kwenye kigoda cha mwisho hasikii akiitwa, kwa hiyo chakula chake kinapoa. Ukatingisha kichwa, ukanipa aproni. Na kila asubuhi, mvua ikinyesha isinyeshe, wewe mwenyewe ulikuwa unakalia viti vyote kabla ya kuwasha moto. Watu wakidhani unapumzika.

Hukuniuliza hata siku moja kwa nini niliachwa. Uliniuliza tu ninaona nini nikikaa. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nakihitaji, na sikukwambia ulipokuwa hai.

Basi mchana ule niliwaambia mafundi wanyamaze, nikaanza kukaa. Kiti cha tatu kinatazama mlango wa choo. Cha tisa kinapulizwa na mvuke wa mashine ya kahawa. Cha kumi na saba kinayumba. Vile vya dirishani vinaiona milima vizuri, sikatai, ni kweli inapendeza. Nikafika cha mwisho, kile kilichobanwa karibu na jiko, ambacho nilikuwa nimepanga kumpa mtu atakayechelewa. Nikiwa nimekaa pale nikaona, kupitia mlango wa jiko, yule mama wa Mkuyuni anayeniletea magimbi na mdalasini akiingia kwa uchochoro wa nyuma. Anasukuma toroli. Liliingia mpaka mezani bila kunyanyuliwa. Nyumba iko mteremkoni, Mama. Mbele ni ngazi sita, lakini nyuma sakafu iko sawa na ardhi. Nilikuwa napita pale kila siku na magunia, na sikuona kitu. Magimbi yangu yana njia nzuri kuliko wageni wangu!

Nikamwita fundi Kibwana. Nikamwambia tupanue ule mlango, uchochoro tuumwagie zege, meko yasogee upande mmoja, wageni wapite huko. Akaniangalia kama nimeanza kuumwa. "Dada Zuhura, mgeni hapitishwi jikoni." Nikamwambia kwa Mama Hadija kila mtu alipita kwenye masufuria, akafunua vifuniko, akakosoa, ndipo akakaa. Nikaahirisha kufungua. Mwenye maua ya plastiki alifungua Jumamosi iliyopita kwa muziki na vipaza sauti, mimi nikiwa na vumbi la saruji kichwani, na nakiri roho iliniuma.

Leo asubuhi nilimtuma mtu akamwite Mzee Maganga.

Aliingia kwa nyuma. Polepole, fimbo yake ikigonga zege jipya, bila kunyanyua mguu. Akafika kwenye sufuria, akafunua, mvuke wa magimbi ya nazi ukampiga usoni. Nilimsubiri aseme neno la utani, nikajiandaa hata na la kumjibu. Alisimama tu pale na kifuniko mkononi. Kisha akatoa upawa kwenye kikapu, na mpini wake, ule uliokuwa umepasuka ukaufunga kwa waya, ameubadilisha. Ameuchonga mwenyewe wa mninga, laini kabisa.

"Chukua," akasema. "Nilikuwa namlilia kwa huu."

Nikamchotea kwa upawa huo huo. Alikula, akamaliza, akafuta sahani kwa kipande cha gimbi. Ndipo akapata sauti yake: "Mabaya kama ya marehemu." Nimewahi kusifiwa na mume, na wazazi wangu, na wateja. Hakuna aliyewahi kunipa sifa kama hiyo.

Asante, Mama. Asante kwa benchi na kwa ile wiki nzima. Asante hata kwa mtani uliyeniachia, maana bila goti lake ningefungua mgahawa wa kupigia picha na nisijue nimepoteza nini. Hadija anakuja na basi la jioni kutoka Turiani na mchele wa kesho. Mlango wa mbele nitauacha wazi kwa wanaotaka ngazi na milima. Wa nyuma hautafungwa maadamu kuna moto jikoni.

Mungu akulaze pema. Sina uwezo wa kukuahidi utajiri wala jina kubwa mjini. Ninachokuahidi ni kwamba sitawasha moto asubuhi yoyote kabla sijavikalia viti vyote, kimoja kimoja, kama ulivyonifundisha. Kesho naanzia cha kumi na saba. Fundi anasema ameshakitengeneza, lakini nimetoka kukikalia sasa hivi, na bado kinayumba.

Kwaheri, Mama Hadija.

Mwanafunzi wako,
Zuhura