Theluji Niliyoitabiri Jumatano

Kwa Wairimu, mtoto wa dada yangu,

Mimi ni mzima hapa Hyattsville, Marekani. Binti yangu Bridget ataipiga picha barua hii na kukutumia.

Katika kundi letu la kufuatilia theluji, mkubwa ni mimi. Hata wale wanasayansi wa Greenbelt wanaorusha vyombo angani huniuliza kwanza. Wiki hii kompyuta za hali ya hewa za Marekani zilisema Jumatano ni mvua, za Ulaya zikasema theluji hadi magotini. Jumanne hata za Ulaya zikageukia mvua. Kamande wa kundini akanicheka, "Mzee, umebaki peke yako! Wewe panda ndege." Nikamwambia theluji naijua kwa harufu, na kwamba ndege hazitaruka, nikafuta safari yangu ya Jumatano ya kuja harusini kwako.

Jumatano ilinyesha mvua. Ndege zote ziliondoka. Nafasi niliyopata itanifikisha Nairobi Jumamosi usiku, harusi yako ikiwa imekwisha.

Najua nilimwahidi marehemu baba yako kwamba nitakupeleka madhabahuni. Mwombe mdogo wangu Gichuki akushike mkono. Huwa anatembea mbio, mwambie apunguze.

Suti ya harusi nimeivaa nikiandika, na nje jua linawaka. Mama yako mwambie ilikuwa theluji.

Ni mimi mjomba wako,
Njuguna