Gambuti Barazani

Jumatatu, 1 Septemba

Nimefunga komeo la juu, komeo la chini, kufuli la geti. Nimelitikisa kufuli. Nimefika nyumbani kwa Mama Prossy, jirani wetu, nikarudi kulitikisa tena. Hadija, mke wangu, ananiona kutoka dirishani, ananicheka. Acha acheke.

Gambuti zangu nimeziacha barazani, mbele ya mlango, na tope lake la juzi. Hapa Mafubira, Jinja, kila mke anayebaki peke yake ana viatu vya mwanamume mlangoni. Mwizi akichungulia aone mwenye nyumba yupo. Gambuti zangu ndizo kubwa kuliko zote mtaani, na hilo linanipa raha kidogo.

Tangu nyumba ya nyuma yetu ivunjwe mwezi uliopita sina usingizi. Wezi walikuja mchana, helmeti kichwani, boksi mkononi. Mzigo wako, mama. Mama wa watu akafungua. Walibeba mpaka mapazia.

Kwangu sheria ni moja. Mzigo wowote unaachwa stejini, ng'ambo ya barabara, kwa Waiswa wa bodaboda. Nauchukua mwenyewe nikitoka dukani. Hakuna kugonga geti. Hadija hafungui hata akiitwa kwa jina lake, na ufunguo wa geti ninao mimi mfukoni. Mama Prossy humletea uji kwa mlango wa uani.

Muuguzi amesema alale, presha haitaki purukushani. Mimba ina miezi saba. Ya mwaka jana ilifika hapahapa, tukazika. Siwezi kuandika habari hiyo.

Jumanne, 2 Septemba

Nimerudi mchana kula. Kikapu getini.

Si stejini. Getini, chini ya ukuta, kimefunikwa jani la mgomba. Ndani mayai, karanga za kusaga, na kitita cha vijiti vyeusi vilivyokauka, vinanuka moshi, vimefungwa kwa kamba. Hakuna jina. Waiswa hakuona mtu, asubuhi wote wanakimbizana na abiria.

Nani anaacha kitu mlangoni kwa mtu bila hodi? Kwetu Mombasa ukimletea mtu kitu unapiga hodi mpaka aitikie, unaingia, unakunywa chai, unaulizia hata paka. Anayeacha na kuondoka ana lake jambo.

Hadija sikumwambia. Nimekificha bandani.

Alhamisi, 4 Septemba

Kingine. Safari hii maziwa ndani ya chupa, na vile vijiti tena.

Nimemwonyesha Mama Prossy kwa siri. Alirudi nyuma hatua nzima. Akaniambia, "Hiyo vitu ya kuacha kwa mlango ya mama mwenye mimba, hiyo si zawadi, bwana. Choma. Na usiambie yeye, presha itapanda."

Nimechoma vikapu vyote viwili nyuma ya banda, pamoja na vilivyomo. Maziwa nimemwaga. Nilisoma dua nilizozijua. Vijiti vilitoa moshi mzito wenye harufu kama ya nyama, na nilijichukia kwa kuona njaa.

Ijumaa, 5 Septemba

Leo hakuna kitu. Kutokuwepo kitu kumenitisha zaidi. Labda wamekwisha kutusoma, wanajua saa zangu.

Msikitini sikusikia hotuba hata neno moja.

Jioni Hadija alilia. Nilidhani tumbo. Akasema anamkumbuka mama yake. Hawajaongea tangu ndoa yetu. Mama yule wa Nabuyonga, Mbale, alikataa katakata: mtu wa Mombasa atakuchukua akupeleke usikojulikana. Baba mdogo wa Hadija, Mzee Hamuza, ndiye aliyeozesha. Mama mkwe hakuja. Sijapata kumtia machoni. Hadija alipiga simu mara nyingi mwaka jana tulipozika, haikupokelewa. Sasa hapigi tena.

Anasema anatamani malewa, chakula cha kwao. Nimesema nitatafuta sokoni. Sijui hata yanafananaje yakiwa mabichi. Niliwahi kuyala mara moja yamepikwa kwa karanga.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeongeza kufuli la pili. Nimebandika vipande vya chupa juu ya ukuta, nimejikata kidole gumba. Hadija anauliza kuna nini. Nimesema hakuna. Ananijua. Akageukia ukutani.

Jumatatu, 8 Septemba

Kikapu. Nguo ya mtoto ndani, ya kufumwa, rangi ya manjano.

Wanajua kuna mtoto.

Nimekaa bandani nimeishika ile nguo mpaka chakula kikapoa. Ni ndogo kama soksi yangu. Nilitaka kuichoma, mkono ukakataa. Nimeificha chini ya mifuko ya saruji. Kesho kutwa sifungui duka. Vipuri vya malori havitaoza. Nitajibanza stejini kwa Waiswa nimwone huyu mtu kwa macho yangu.

Jumatano, 10 Septemba

Lazima niandike.

Asubuhi nilifunga kama kawaida, nikaacha gambuti barazani, nikajifanya naenda dukani. Nikazunguka, nikajificha nyuma ya kibanda cha Waiswa.

Akaja mwanamke. Mtu mzima, amevaa busuti, lile gauni refu la akina mama wa hapa, kikapu kwenye kiwiko. Akasimama getini. Akachungulia kwa kitundu cha geti, kile tunachopitishia mkono kufungua kufuli. Alichungulia muda mrefu sana. Akaweka kikapu chini. Akachungulia tena, kisha akapitisha mkono ndani ya tundu.

Nikakurupuka. Nilipiga kelele, "Nyumba yangu hiyo! Mwizi! Mwizi!"

Najua neno hilo linafanya nini hapa. Nilijua wakati nalitoa.

Alinigeukia, akaona ninakuja, akajifunika uso kwa shali na kukimbilia kwenye migomba ya jirani. Nikaona basi, mwenye hatia huyo, anaficha sura. Watu wakatokea sijui wapi. Mmoja na ubao, mmoja na jiwe. Wakamvuta shali, yeye anang'ang'ania kulirudisha usoni, anatazama chini, hasemi. Kikapu kikapigwa teke, mayai yakapasuka barabarani.

Waiswa ndiye aliyeingia katikati. Alitanua mikono akapaza sauti, "Ngoja! Ngoja kwanza! Mwizi gani anakuja na mayai yake? Hii mama ni mukubwa!"

Halafu nikasikia geti linagongwa kwa ndani. Hadija. Ameinuka kitandani. Mkono wake umetokea kwenye tundu lile lile, vidole vinapapasa hewa, analia, "Mama! Huyo ni mama yangu! Fungueni!"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Makufuli mawili. Nilihangaika nayo mpaka funguo zikaanguka.

Nilipofungua, mama alikuwa amekwisha kunipa mgongo. Aliushika mkono wa bintiye kidogo, akiwa ameinamisha kichwa upande mwingine, asinione. Mimi nimesimama pale pale. Alipoona siondoki, akaenda mwenyewe. Waiswa alimpandisha pikipiki, akampeleka kwenye teksi za Mbale.

Hadija aliokota kijiti kimoja kutoka kwenye vumbi. Akakinusa.

"Malewa," akasema. Ni machipukizi ya mianzi, yamekaushwa kwa moshi.

Nimemweleza yote. Kuficha, kuchoma, nguo ya manjano. Niliifukua nikampa. Ameilalia. Hakunitukana, na ingekuwa afadhali anitukane.

Alhamisi, 11 Septemba

Presha imepanda. Muuguzi amekuja, ametuonya. Ikiwa hivi keshokutwa, hospitali.

Hadija hali. Amepiga simu Mbale, haipokelewi.

Nimemuua mtoto wangu kwa kufuli. Sijamuua bado. Naandika ovyo. Naogopa. Naogopa kuliko siku yoyote ya wezi.

Mama Prossy amekuja na uji, hanitazami usoni. Nami simtazami.

Jumamosi, 13 Septemba

Mbale. Presha ya Hadija imeshuka kidogo, si sana. Mama Prossy amelala naye. Nimeondoka baada ya swala, nimempitia Mzee Hamuza, tukaenda Nabuyonga pamoja.

Njiani alinieleza, na alieleza kama mtu anayemfundisha mtoto kushika kijiko. Kwao mama hakutani na mume wa bintiye uso kwa uso. Haingii nyumbani kwa mkwe, mwenyewe akiwemo. Hali mbele yake. Wakikutana ghafla njiani, mama hujifunika au huingia kichakani, na mkwe naye hupisha. "Yeye kujifunika ile siku, alikuwa anakupa heshima," alisema. "Wewe ukamuita mwizi."

Nilikwisha kusikia habari hizo. Hadija aliwahi kunidokeza tulipooana. Nikadhani ni mambo ya mababu, sisi sote Waislamu, mkwe ni wa kupewa mkono na kuombewa dua. Sikuuliza zaidi.

Nyumba ni ndogo, safi, mlango wazi. Mlango wazi, mchana kweupe, na hakuna hata komeo nililoliona. Nilikalishwa kibarazani kwenye kigoda, mgongo ukutani. Yeye alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta huohuo. Mzee Hamuza akasimama mlangoni katikati yetu, mimi namwambia yeye, yeye anamwambia mama kwa Kilumasaba, lugha yao.

Niliomba radhi. Nilisema sina la kujitetea. Nilisema mwanawe hali chakula.

Kisha sauti yake, ya chini, maneno mengi. Mzee Hamuza alisikiliza, akakuna kidevu.

"Anasema alisikia Hadija ni mgonjwa, akaja kulala kwa dada yake huko Buwenge ili awe karibu. Anasema mwaka jana hakuja kwa mazishi, hiyo inamkula. Anasema kila siku anafika kwa geti, anataka kuingia kushika mtoto wake. Sasa anauliza." Akanitazama. "Anauliza, wewe hauna kazi?"

Sikuelewa.

"Kila akichungulia, viatu yako iko kwa mlango. Asubuhi iko, saa nne iko. Anasema ni mwanaume gani huyu, analala kwa nyumba kila siku na mke ni mgonjwa, hata hatoki kidogo ili mama apate kuingia. Ndiyo akawa anaacha chakula anarudi. Ile siku ya mwisho alichoka. Akaweka mkono kwa tundu apunge, labda Hadija atauona."

Gambuti zangu.

Niliinama nikashika kichwa. Nilianza kucheka, na katikati ya kucheka nikajikuta nalia, mtu mzima mwenye ndevu, kwenye kibaraza cha watu. Nilimweleza Mzee Hamuza habari za wezi, helmeti, boksi, viatu vya kutishia. Akatafsiri. Nilisubiri mpaka aibu ikanishinda kukaa, nikaaga ukuta nikaondoka.

Njia nzima nilikuwa nahesabu siku alizosimama pale. Niliacha.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemwambia Hadija kuhusu gambuti. Halafu akaomba uji. Amekunywa nusu kikombe.

Kutoka Mbale hakuna neno.

Jumatatu, 15 Septemba

Bado. Presha iko palepale. Muuguzi hasemi hospitali wala hasemi tumepona.

Nimetoa kufuli la pili. Nililishika mkononi muda mrefu kwanza. Lile tundu la geti nimelipakapaka mafuta pembeni, lina chuma kinachochubua mkono.

Jumatano, 17 Septemba

Jua kali leo, hakuna tope popote Jinja nzima.

Nimevaa gambuti, nimekwenda nazo dukani. Watu wa teksi wamenicheka, mmoja akauliza mvua iko wapi. Miguu imechemka. Baraza nimeiacha tupu. Ufunguo wa geti nimeuacha kwa Hadija, na geti nimelirudishia tu. Nilifika kwa Mama Prossy nikataka kurudi kulitikisa. Sikurudi. Nilisimama hapo kidogo, kisha nikaenda.

Mchana nikaja kula. Waiswa aliniona kwa mbali, akaninyooshea kidole kuelekea nyumbani, akatabasamu. Nikakaribia geti. Barazani, pale pa gambuti, palikuwa na jozi ya kandambili za kike zilizokwisha kisigino.

Ndani sauti mbili. Kilumasaba, haraka haraka, moja ndani ya nyingine. Hadija anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo nyumbani kwangu.

Sikugonga.

Getini, chini ya ukuta, palipokuwa pakiachwa vikapu, kulikuwa na sahani iliyofunikwa sahani nyingine, na kitambaa juu. Bado ya moto. Niliichukua, nikavuka barabara, nikala pamoja na Waiswa kwenye benchi la stejini, tukiwa tumeligeuzia geti mgongo.

Malewa kwa karanga. Yana moshi. Tumemaliza yote, sahani nimeiosha kwa maji ya Waiswa, nikairudisha pale pale chini ya ukuta, nikaenda zangu dukani.