Mikono ya Mke Mwenzangu

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Nakusalimu wewe, mkeo na wote wanaokula chungu kimoja nawe. Natumai kile kikohozi kimekuacha, kikatafute mwingine wa kumsumbua. Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto, hilo lina serikali yake. Anayeandika ni jirani yangu mshona nguo, maana mimi na kalamu hatukuwahi kujuana. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitie marembo.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Umesema Jumamosi unakuja na mtu wa kufukuza mizimu, amtoe marehemu baba yako kwenye mikono ya binti yako uliyeniachia. Tena umeuliza kwa ukali kama hayo mapigano ya ndani ya kizimba anayocheza ni mchezo tu, au ndiyo ile sanaa ya baba yako ya kupigana, uliyoapa haitagusa watoto wako. Tulia nikujibu yote.

Siku ile ya pambano ilikuwa mchana, katika ukumbi wao wa mazoezi nyuma ya karakana ya magurudumu. Sikuwa nimewahi kutia mguu humo. Kocha alinipa kiti cha mbele, akanieleza kwamba mchezo wao una adabu kuliko mpira: kuna mizani, kuna daktari, kuna glovu, kuna refa, kuna kengele. Kinyozi aliyekaa nyuma yetu akasema hata machinjioni kuna daktari. Nikacheka. Baba yako naye angecheka. Yeye alikuwa akisema pambano lenye kengele ni karata zinazochezwa kwa ngumi, na sanaa ni pale ambapo hakuna mtu wa kuja kukutoa.

Mke mwenzangu akaingia. Unajua ndivyo ninavyomwita huyo binti yako, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. Raundi ya kwanza alipigwa hadi nikafumba macho. Ya pili akamzunguka mwenzake kwa nyuma, akamtia kabali. Mwenzake akamgonga mkononi, mara tatu. Kocha akapumua, akaniambia basi, huyo kakubali, ukigongwa unaachia, ndiyo sheria kubwa kuliko zote.

Hakuachia. Kisha tukausikia ule mvumo. Unaujua, mwanangu. Ule wa puani, mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa chupani, ambao baba yako alikuwa akiutoa anapokaza. Watu wakanyamaza mmoja mmoja, hadi ukabaki huo peke yake. Macho ya binti yako yalikuwa wazi na hayakuwa yakitazama kitu. Refa alivuta mkono huu, kocha akavuta ule, mikono haikutoka. Yule msichana alipolegea kabisa ndipo ikafunguka yenyewe, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Yule msichana yu hai. Alizinduka akauliza pambano linaanza saa ngapi. Mama yake anasema hadi leo, katikati ya chakula, huweka kijiko chini akauliza tena. Daktari anasema itapita.

Wako ndiye hakupona upesi. Akawa hagusi mtu. Alitembea ameipachika mikono kwapani, vifungo vya nguo nikimfunga mimi. Alisema hakusikia kugongwa. Alisema juu ya mikono yake palikuwa na mikono mingine, mikavu, inamwonyesha pa kukaza. Majirani waliposikia wakasema ni babu yake, na habari zikakufikia wewe. Mimi nikawaacha waamini hivyo.

Sasa soma hapa ukiwa umekaa.

Haikuwa mizimu. Ni mimi. Binti yako alikuwa akishindwa kila pambano, anarudi na jicho limevimba, nami roho ikaniuma. Nikamchukua jikoni, kila asubuhi kwa miezi miwili, nikamfundisha ile kabali ya baba yako. Ile mikono mikavu ni hii yangu, niliiweka juu ya yake. Huo mvumo nilimfundisha mimi. Na ni mimi niliyemwambia akishashika asiachie mpaka mwili ulegee, kwa sababu anayegonga anakudanganya. Ndivyo baba yako alivyosema. Kwamba kwao kugonga ni sheria, nililijua nikiwa nimekaa kwenye kile kiti, na nilikuwa nimechelewa.

Utauliza niliijulia wapi, wakati baba yako hakufundisha wanawake. Alihitaji shingo ya kujifunzia, mwanangu. Miaka thelathini shingo hiyo ilikuwa yangu. Zile siku ulizonikuta sakafuni ukaambiwa mama kapumzika, sikuwa nimepumzika.

Hapa mshonaji kaweka kalamu chini, ananitazama. Nimemwambia aandike.

Jana asubuhi nilimwambia mke mwenzangu ukweli wote. Alinitazama kama mgeni, akasema, "Bibi, uliniacha nikaogopa mikono yangu mwenyewe." Nikakaa chini kwenye mkeka, nikampa mgongo, nikamwambia anikabe, na nikigonga aachie, ajue kwamba mikono ni yake na inamsikia. Alikataa, akalia, nikamtukana kidogo, akakubali.

Akakaza. Mtie kabali mzee kama mimi uone mwili unavyokumbuka. Shingo yangu ilijua njia. Nilisahau kabisa kugonga, maana kwa baba yako sikuwahi kugonga hata mara moja, nilikuwa nasubiri tu kulegea. Nikaanza kulegea. Mlango ukawa mbali. Ghafla akaniachia, akanikumbatia kwa mikono yote miwili, analia na kucheka, anasema, "Nimesikia, Bibi. Umegonga mara tatu, nimesikia."

Mimi mikono yangu yote miwili ilikuwa imelala mapajani. Haikuinuka. Nyumbani tulikuwa wawili tu.

Hilo sijamwambia, na wewe usimwambie. Leo kajifunga vifungo mwenyewe, na asubuhi kaenda kwa yule msichana kumwomba radhi, akambeba mgongoni hadi uani akaote jua.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hili. Ilikuwa sanaa ya baba yako, na nilikosea kuiingiza kwenye mchezo wa watoto, ambao una akili kuliko sisi. Na kama aliyegonga ni yeye, basi naye kajifunza adabu akiwa kaburini. Huyo mtu wako wa mizimu mwache hukohuko. Akimfukuza mzee leo, siku nyingine nikisahau, nani atagonga?

Njoo wewe, peke yako, uje unigombeze ana kwa ana. Mpe mkeo mkono wangu, na watoto wapake mafuta vichwani kwa niaba yangu.

Ni mimi mama yako, shingo ningali nayo.